Ugonjwa wa Meza

Fimbo iliyoegemea ukuta wa duka langu la ushonaji si yangu. Wateja wanaokuja kupimwa suruali huiulizia, kwa kuwa imo ndani ya mfuko mzuri wa kitambaa cha bluu, nami huwaambia ni fimbo ya puli ya rafiki yangu wa Arua, ameniachia. Hilo la kuachiwa ni kweli. Ndilo neno moja la kweli ninalofunikia mengine yote, na nimelitumia mpaka limechakaa.

Mfuko niliushona mwenyewe, kwa mabaki ya sare za shule, nikampa rafiki huyo. Nilikuwa kijana wakati ule, najifunza cherehani Arua, na duka la tajiri wangu lilikuwa ukuta kwa ukuta na karakana ya seremala mmoja wa Onduparaka, pembezoni mwa mji. Yeye alinizidi miaka michache tu. Tuliitana fundi, yeye wa mbao na mimi wa nguo, na hata leo sikumbuki kama tuliwahi kuitana vingine. Kwao wanasema Kilugbara, kwetu Koboko tunasema Kinubi, kwa hiyo baina yetu kilikuwa Kiswahili cha sokoni, kile ambacho mwalimu yeyote angekipigia mstari mwekundu.

Jioni tulivuka barabara kwenda kwenye meza ya puli. Yeye ndiye aliyenifundisha. Kwanza alinizuia kabisa kuzungusha mpira mweupe. Wiki nzima nilipiga katikati yake tu, mpaka ukaweza kugonga mpira mwingine na kusimama palepale kana kwamba umeambiwa. Kisha akanionyesha kupiga chini, ili mweupe ukishagonga urudi nyuma. Na kupiga juu, ili ufuate mbele. Mwisho kabisa, na kwa kusitasita, akanionyesha ubavu: ukiupiga mweupe kushoto au kulia, ukifika ukingoni unatoka kwa njia nyingine kabisa.

Mimi ubavu niliupenda kupita kiasi. Watazamaji wakiona mpira unapinda wanaguna, na mimi nilikuwa naishi kwa miguno hiyo. Yeye alikuwa anacheka.

"Fundi, hiyo ni chumvi," aliniambia. "Wewe iko nakula chumvi peke yake."

Mchezo wake haukuwa na cha kuguniwa. Alichagua mpira rahisi, akautia shimoni polepole, na mweupe ukabingirika shibiri moja au mbili na kusimama mahali ambapo mpira uliofuata nao ulikuwa rahisi. Kumtazama akicheza ungedhani kila mara bahati imemwekea mipira vizuri. Ilinichukua muda mrefu kuelewa kwamba alikuwa anaipanga yeye. Mchezo mmoja mmoja niliwahi kumshinda, lakini mechi nzima, ile ya anayetangulia kushinda mara tatu, sikumshinda hata siku moja. Nilisema sijali. Nilijali sana.

Baba alipozeeka nilirudi Koboko nikafungua duka langu. Ng'ambo ya barabara kuna baraza la mama mmoja, mjane wa askari, anayeuza chai ya tangawizi na mandazi, na chini ya bati lake ameweka meza ya puli. Pombe haifiki pale. Tunacheza baada ya swala ya alasiri, tunakunywa chai, magharibi kila mtu anakwenda zake.

Lazima nieleze desturi yetu moja, maana dhambi yangu imo humo. Meza zetu zimekaa juu ya udongo, na udongo ukinywa mvua hutitia. Hakuna meza isiyo na kasoro. Moja ina ukingo uliokufa, nyingine ina shimo linalotema mipira, nyingine imeinama. Kasoro hiyo tunaiita ugonjwa wa meza. Mgeni akija, kabla hajapiga mpira wake wa kwanza, mwenyeji anachukua mweupe, anausukuma polepole kwa mkono mahali penye kasoro, na kusema: "Meza yetu iko naugua hapa." Mgeni anatazama, anatikisa kichwa, mchezo unaanza. Mgeni haulizi. Akiuliza, ni kama amesema kwamba wewe ni mtu wa kuficha, na nimeona watu wakinuniana mwezi mzima kwa swali hilo. Kazi ya kuonyesha ni ya mwenyeji, peke yake, na hakuna anayemkumbusha.

Meza ya mama ilikuwa imeinama upande wa barabara. Kidogo tu. Mpira wa nguvu haukujua habari hiyo. Lakini mpira wa polepole, ukikaribia kuchoka, uliegemea barabarani upana wa vidole viwili. Sisi wenyeji tulikuwa tumezoea kupiga kwa nguvu na kuuzuia mweupe kwa kuupiga chini. Tulicheza vibaya kwingine kote, na pale kwetu tulikuwa mabingwa.

Mwaka uliopita, wakati wa mvua, seremala wangu alianguka kutoka juu ya paa alilokuwa anapaua huko Adumi. Kifundo cha mkono wa kulia kilivunjika. Hospitali ya Kuluva walimfunga plasta, baadaye wakaifungua na kumwambia mfupa umeunga, afanye kazi polepole. Randa aliishika tena. Msumeno aliushika tena. Fimbo ya puli aliiogopa.

Alinipigia simu siku ya Alhamisi.

"Fundi, Jumamosi nakuja kwako. Nataka kupima mukono."

Nilimwambia Onduparaka kuna meza tele.

"Hapa kila mutu iko nanihurumia," alisema. "Nikikosa, wanasema pole, mukono iko sawa, ni siku mbaya. Wewe utaniambia kweli. Kama imekataa, imekataa. Naacha hii mambo ya puli, najua moja."

Watu wanaweza kudhani ni jambo dogo, mtu kuacha puli. Huyu hakuwa na mahali pengine pa kupumzikia. Siku sita alikuwa na mbao, ya saba asubuhi na kanisa, na mchana wa siku hiyo na meza, saa tatu au nne ambazo hakuna mteja aliyemdai mlango. Mkewe aliwahi kuniambia kwamba akirudi kutoka kwenye puli hata watoto wanajua ndiyo saa ya kuomba kitu. Hicho ndicho alichokuwa anakileta Koboko kwenye kiti cha nyuma cha gari, ndani ya mfuko wangu wa bluu.

Alifika mchana. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na baraza lilikuwa na watu wengi, kwa kuwa nilikuwa nimewaambia mwalimu wangu anakuja. Mama akaleta chai. Watu wakamsalimia, wakamuuliza habari za Arua. Mweupe ulikuwa mkononi mwangu. Nakumbuka uzito wake. Nilisema moyoni, nitamwonyesha akishamaliza chai. Alipomaliza chai, mtu mmoja alikuwa ameshapanga mipira, na nikasema, nitamwonyesha tukianza. Tukaanza. Hakuna aliyenizuia na hakuna aliyenisahaulisha. Miaka yote nilikuwa nikisubiri nafasi ya kumshinda, na nafasi ilikuwa imekuja na mkono uliovunjika, na mimi nikaipokea.

Mchezo wa kwanza alicheza kama zamani. Kwa ajili ya kifundo alipiga polepole zaidi, na huo ulikuwa uamuzi sahihi. Kwenye meza isiyougua ungekuwa sahihi. Alichagua mpira mwekundu uliokuwa karibu na shimo la kona, akaubingirisha. Ukaenda vizuri, ukaenda, kisha pale mwishoni ukaegemea barabarani na kugonga mdomo wa shimo. Ukasimama nje.

Aliutazama mkono wake. Hakuitazama meza, na hilo ndilo linalonikosesha raha mpaka leo. Huyu ni mtu anayeona mlango ulioinama akiwa ng'ambo ya barabara. Angepiga mipira mitatu tu kwa moyo mtulivu, angesema meza hii inaumwa, kabla hata sijafungua mdomo. Lakini alikuja na hofu ya mkono, na macho yake yote yalikuwa kwenye mkono.

Mpira wa manjano, polepole, ukaegemea. Akajaribu kutokea upande wa pili wa meza, na kule, kwa kuwa amegeuka, mpira ukakosea upande mwingine. Niliona uso wake ukibadilika. Mchezaji wa puli akiona mpira wake unapinda bila kuupa ubavu, anajua jambo moja tu: kifundo kimezunguka wakati wa kupiga, kimetia ubavu ambao hakuutaka. Ndivyo alivyonifundisha mwenyewe, kule Arua.

Mimi nilikuwa napiga kwa nguvu na kuzuia. Mipira ilikuwa inaingia kwa kishindo. Watu wa kwetu walikuwa wanaguna kama ninavyopenda.

Nikawa na michezo miwili kwa mmoja wake. Huo mmoja aliushinda kwa mipira mirefu aliyolazimika kuipiga kwa nguvu, na niliona akikunja uso kwa maumivu. Kabla ya mchezo wa nne alinivuta pembeni, karibu na jiko la mama, akanyoosha mkono mbele yangu, kiganja chini.

"Fundi, wewe iko natazama vizuri," alisema. "Mara mupira inapinda huku, mara inapinda kule. Mimi siwezi kusikia kitu ndani ya mukono. Wewe unaona nini? Inazunguka?"

Hapo ndipo mahali penyewe. Yote ya mwanzo ningeweza kuyaita kusahau. Mtu aliyesafiri kutoka Arua kuja kuniuliza swali moja aliniuliza swali hilo, kwa sauti ya chini, ili watu wasisikie, nami nilikuwa na jibu. Lilikuwa sentensi moja. Lakini ningelisema, wangejua wote kwamba sikumwonyesha meza, na ushindi wangu, ambao ulikuwa umebaki hatua moja, ungegeuka aibu.

"Kidogo," nilisema.

"Inazunguka kidogo?"

"Kidogo. Mwisho wa kupiga."

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyesomewa barua aliyokuwa anaijua. Akasema asante.

Mchezo wa nne ulifika kwenye mpira mweusi. Ilikuwa zamu yake na mweusi ulikuwa karibu na shimo, mpira ambao angeutia akiwa amefumba jicho moja. Angeweza kuupiga kwa nguvu. Nilimwona akifikiri; akaangalia kifundo, akachagua polepole. Mweusi ukatambaa, ukaegemea, ukasimama mdomoni. Mimi nikautia kwa kishindo, nikazunguka na mikono juu, na watu wakanibeba.

Nilipowekwa chini, alikuwa ameshaifungua fimbo vipande viwili na kuiingiza kwenye mfuko. Hakuwa amekasirika. Nilitamani akasirike.

"Kaa nayo," alisema. "Kwangu itakaa bure, watoto watafanyia muchezo. Mukono imekataa, basi."

Nikaipokea. Nilisema maneno ya kukataa mara mbili, kama tunavyofanya kwa zawadi, kisha nikaipokea. Nilimsindikiza mpaka kwenye gari la Arua, tukaongea bei ya mbao, akapanda.

Niliporudi, watu walikuwa wamekwenda kuswali. Mama alikuwa anaosha vikombe. Hakuniangalia.

"Ile mugeni yako," alisema. "Wewe ulionyesha yeye meza?"

"Nilisahau, mama."

Aliendelea kuosha vikombe vyake. Tangu siku ile chai yangu huletwa kama ya watu wote, lakini ile sukari ya ziada aliyokuwa ananiwekea bila kuombwa sijaiona tena, na sina ninayeweza kumlalamikia.

Wiki iliyofuata niliazima pima maji kwa mwashi mmoja, nikaweka kipande cha bati na mbao chini ya mguu wa upande wa barabara, nikanyanyua, nikapima, nikanyanyua tena, mpaka kipovu kikakaa katikati. Wenzangu walilalamika. Walisema nimewaharibia meza. Nilijiona nimefanya jema, na ni baadaye tu nilipokumbuka kwamba ule ugonjwa ndio uliokuwa shahidi pekee, na nimeuponya.

Nilikaa hivyo miezi mingi. Nilikwenda Arua mara tatu kununua vitambaa na mara zote tatu nilipita njia nyingine ili nisiione karakana. Kwenye simu tuliongea mambo ya watoto. Puli hatukuitaja. Mkewe ndiye aliyeitaja siku moja, alipochukua simu: alisema mumewe siku hizi mchana wa Jumapili anakaa tu uani, ananoa patasi ambazo tayari ni kali.

Safari ya nne niliichukua fimbo, nikaivaa mgongoni, nikaenda moja kwa moja.

Alikuwa anapiga randa ubao wa mlango. Nilisimama nje nikamtazama kabla hajaniona. Randa ilikuwa inakwenda na kurudi, mkono umenyooka, na maranda yalikuwa yanatoka marefu, sawasawa, toka mwanzo wa ubao hadi mwisho. Mkono ule haukuwa unazunguka. Nilifurahi mpaka nikataka kulia, maana nilidhani kazi yangu imekuwa nyepesi.

Nilimwambia yote. Nikiwa nimesimama, fimbo mgongoni, kama mwanafunzi aliyeitwa mbele. Meza ilikuwa imeinama. Nilijua. Sikukuonyesha. Uliponiuliza nilikudanganya, kwa sababu nilitaka kukushinda. Mkono wako haukuwa na kosa lolote, hata siku ile.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatabasamu, na tabasamu lile liliniogopesha.

"Nani amekutuma? Ni bibi yangu?"

Nikamwapia. Akasema, "Fundi, usiape kwa kitu kama hii." Akanipigapiga begani. Aliniona nimekuja na uongo wa huruma, kama wale wa Onduparaka aliowakimbia.

Basi nikachukua pima maji yake mwenyewe iliyokuwa ukutani, nikamshika mkono, nikamvusha barabara mpaka kwenye meza ile aliyonifundishia. Niliilaza pima maji juu ya kitambaa, kwa urefu, kisha kwa upana. Kipovu kilikaa katikati, pande zote mbili. Nilimwambia atazame vizuri, hii haiinami popote, hapa mpira utakwenda utakapotumwa. Akatazama. Akakubali kwamba meza iko sawa. Nikafungua mfuko, nikaunganisha fimbo, nikampa. Nikamwekea mweupe, na mwekundu mmoja, mstari mmoja na shimo la kona. Mpira wa mtoto.

Akainama. Na hapo nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona kwake miaka yote. Vidole vilikuwa vimeikaba fimbo mpaka vimepauka. Alikuwa anakibana kifundo kisizunguke. Aliivuta fimbo nyuma, akasita, akapiga, na pale mwishoni kabisa, kwa jinsi alivyokuwa amekibana, kikafyatuka. Kilizunguka. Mweupe ukaenda na ubavu, ukaugusa mwekundu upande, ukaukosesha njia.

"Jaribu tena," nilisema. "Legeza mkono."

Akajaribu tena. Ukazunguka tena. Nikampangia mara tano, nami ndiye niliyekuwa natokwa jasho. Mara ya tano aliilaza fimbo mezani karibu na pima maji, kwa upole, kama mtu anayelaza chombo cha mwenzake.

"Umeona," alisema. "Meza iko sawa."

Alichukua pima maji yake, akaifuta chaki kwa kiganja. Kisha aliniambia, na hakukuwa na uchungu wowote katika sauti yake, kwamba siku zile baada ya plasta alikuwa amewauliza watu wengi, ndugu, majirani, watu wa kanisani, na wote walimwambia mkono hauna shida.

"Wewe peke yako uliniambia kweli," alisema. "Mimi sisahau hiyo."

Akaona mfuko umefumuka mshono pembeni, akanionyesha kwa kidole, akasema niushone nikifika. Halafu akavuka barabara kurudi kwenye mlango wake. Nilifungua fimbo vipande viwili, nikaitia mfukoni, nikaivaa, nikaenda kutafuta gari la Koboko.